Hoja ya Siku ya Soko

Malaba
Jumapili, 11 Mei 2025

Mdogo wangu Mama Velma,

Mulembe sana. Naomba Mungu karatasi hii ikukute wewe na Velma mkiwa wazima, na kile kikohozi chako kiwe kimeenda kutafuta mtu mwingine. Mimi niko, ila miguu. Tangu walipobomoa vibanda vyetu huko Busia kupanua barabara nikaja huku Malaba kupikia madereva wa trela, nasimama mpaka washibe, na dereva wa trela hashibi. Juzi mmoja amekula ugali wa watu watatu, kisha akaniambia matumbo yangu hayana chumvi. Nikamwambia chumvi iko mezani, boss, na mkono unao.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Kwa simu nitaanza kupiga kelele na salio liishe kabla sijafika. Emojong wa teksi ya probox atakuletea mpaka ofisini kwenu.

Mwalimu Naliaka alinipigia Ijumaa akilia, nikadhani amefiwa. Anasema Mwalimu Mkuu amemwita akamwambia kwamba kuanzia muhula wa tatu, chumba cha yuniti, yaani darasa la ishara, kitakuwa chumba cha kompyuta. Wafadhili wanazileta, na chumba chenye mlango wa chuma ni hicho tu. Watoto wetu wasiosikia watachanganywa na wale wengine, wakae nyuma, watazame mdomo wa mwalimu ukienda. Na yeye Naliaka, kwa kuwa aliajiriwa na Chama cha Wazazi na Walimu wala si na serikali, eti Chama kitamshukuru kwa kazi nzuri, aende.

Mama Velma, mimi na wewe tunajua yuniti ni nini. Kabla ya yuniti Robinson wangu alikuwa anauma watu. Njaa ikimshika, anauma. Tumbo likimsokota, anauma. Mkono wangu wa kushoto una alama zake mpaka leo. Naliaka akamfundisha ishara ya njaa, na ya maji, na ya maumivu, na mtoto akatulia. Watu waliokuwa wakimwita bubu wakaanza kumwita jina lake. Sasa wanataka kumrudisha kule nilikomtoa, na mimi siko tayari.

Nimefikiri hivi. Kelele tulishapiga za vibanda, na tingatinga likapita vilevile. Safari hii tulete hoja rasmi kwenye mkutano wa wazazi, iandikwe, ipigiwe kura, iwe azimio la Chama. Nimejaribu kuianza nyuma ya karatasi hii, ukicheka ucheke polepole. Wewe ndiye mwakilishi wa wazazi wa yuniti kwenye kamati, na hapo kazini kwenu mnaandikia forodha barua kila siku. Irekebishe. Mimi nitasimama niitoe, na wewe utasimama uunge mkono. Watatuona sisi wawili, mama wa watoto wanaoshikana mikono kwenda shule kila asubuhi. Nani atakuwa na uso wa kupinga?

Nisalimie Velma. Mwambie kwa ile ishara ya jina langu waliyonipa watoto, ile ya kukaanga.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mama Robinson


Busia
Jumanne, 20 Mei 2025

Dada yangu mpendwa Mama Robinson,

Misawa, kama tunavyosalimiana kwetu Sio Port. Sisi hatujambo. Kikohozi kilisikia umekitaja, kimeondoka. Robinson nilimwona jana kwa kukhu wake, bibi anayemlea, ana afya njema, ila kaptura imepasuka nyuma na hataki ivuliwe. Wewe pole na miguu. Loweka kwa maji ya chumvi, hiyo chumvi yako isiyoingia kwenye matumbo.

Barua yako niliisomea ofisini, na hasira ikanipanda mpaka nikaandika namba ya trela moja kwenye makaratasi ya trela nyingine. Bosi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo. Kamati haijaambiwa lolote juu ya kompyuta. Mimi naketi kwenye hiyo kamati, na habari naipata kutoka Malaba!

Nimeisoma katiba ya Chama tangu mwanzo. Hoja lazima iwe na wa kuitoa na wa kuiunga mkono. Asiposimama wa kuunga, haijadiliwi hata kidogo. Ikiungwa, inajadiliwa, halafu watu wanainua mikono na wengi wanashinda. Lakini sikiliza hapa, dada, na uishike: hoja ikishindwa, imekufa. Hairudi mkutanoni mpaka mwaka mwingine wa shule. Kwa hiyo tukikosea siku, tumejizika wenyewe. Mikutano ya kawaida ya muhula huwa ni wazee na walimu, na ikiangukia siku ya soko humwoni mwanamke hata mmoja. Tungoje mkutano mkuu mwisho wa Julai. Siku hiyo mama wote wa soko huja.

Maneno yako nimeyapanga. Pale ulipoandika "unyama wa Mwalimu Mkuu na tumbo lake" nimepaondoa, unisamehe. Azimio halitukani mtu. Linasema sababu, kisha linasema nini kifanyike. Hili hapa:

"Kwa kuwa watoto wasiosikia ni wanafunzi wa shule hii sawa na wengine, na kwa kuwa hawawezi kufundishwa ila kwa lugha ya ishara, mkutano huu unaazimia kwamba darasa lao libaki katika chumba chake, na Mwalimu Naliaka aendelee kuajiriwa na Chama."

Lisome kwa sauti ulizoee. Na mimi nitakuwa nimesimama kabla hujaketi.

Mdogo wako,
Mama Velma


Malaba
Jumapili, 8 Juni 2025

Mdogo wangu,

Mulembe. Habari za huko, za kazi, za Velma na meno yake? Sisi huku tunasukumana na vumbi na foleni. Jana trela zilisimama mpaka mbele ya kanisa, na mimi ndiye niliyefurahi peke yangu, maana dereva aliyesimama ni dereva anayekula.

Ile hoja nimeishika kichwani. Naisema nikisonga ugali, mpaka wateja wameijua. Kuna dereva mmoja wa Kampala, kila nikimwekea sahani anainua mkono na kusema, "Naunga mkono, nnyabo." Nimemwambia hana mtoto kwenye shule yetu, ale anyamaze.

Nilipokuja nyumbani juzi sikupita kwako kwa sababu nilishinda sokoni na Apolot, yule muuza samaki mwenye mtoto kwenye yuniti. Tulipita kibanda kwa kibanda. Mama wa nyanya wamekubali. Wa mitumba wamekubali. Yule dada anayebadilisha pesa pale kwenye mpaka alituuliza yeye anapata nini, mtoto wake si anasikia vizuri. Apolot akamwambia, leo wamefunga mlango wa wasiosikia, kesho watafunga wa wasio na viatu, na wako nimemwona na malapa. Akacheka, akasema atakuja. Kwa hesabu yangu tukifika wote mkutano mkuu, hata walimu wakiinua mikono yote miwili hawatushindi.

Nikuambie kitu. Mama yangu, ukiniondoa mimi, alizaa wavulana watupu kule Namboboto, na wavulana wale kila mmoja ameoa na kunisahau. Siku Robinson alipoandikishwa yuniti ndipo nilipokukuta pale mlangoni na Velma mgongoni mwako, mtoto mkubwa amebebwa kwa sababu aliogopa. Nilijisemea, huyu naye analala kama ninavyolala mimi. Tangu siku hiyo sijajihesabu kuwa sina dada. Ndiyo maana niko huku Malaba nimetulia. Najua uko huko.

Dada yako,
Mama Robinson


Busia
Alhamisi, 26 Juni 2025

Dada Mama Robinson,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi.

Mwalimu Mkuu aliniita ofisini wiki iliyopita. Alinipa chai. Tulizungumza vizuri, si mtu mbaya kama tulivyodhani, naye ana wakubwa wake wanaomsukuma. Usiwe na wasiwasi.

Jumatano ijayo kuna mkutano wa muhula. Ajenda ni ua wa shule na vyoo tu, hakuna letu. Kwa hiyo usifunge kibanda uje bure. Na hao mama wa soko waambie pia wasijisumbue kuacha biashara yao siku ya soko kwa ajili ya vyoo. Wewe ndiye wanayekusikiliza.

Fikisha salamu kwa Emojong.

Mama Velma


Malaba
Ijumaa, 4 Julai 2025

Mama Velma,

Mulembe. U mzima? Nauliza kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, mtu husalimiwa kwanza.

Jumatano jioni Mwalimu Naliaka alinipigia. Safari hii hakulia. Aliniuliza kwa nini tumefanya vile. Nikamwambia tumefanya nini? Akaniambia hoja yetu imesomwa mkutanoni, imepigiwa kura, imeshindwa. Nikamwambia haiwezekani, hoja ninayo mimi. Akasema aliisikia kwa masikio yake, neno kwa neno, na zile "kwa kuwa" zake zote, na wewe ndiye uliyesimama ukaisoma.

Nikamuuliza wanawake walikuwa wangapi. Akasema wewe, yeye, na mpishi aliyeleta chai.

Sikulala, lakini bado nilikutafutia sababu. Nikasema labda walikulazimisha. Labda kompyuta zimefika. Nikamuuliza Naliaka, je, nani aliunga mkono? Maana ulisema mwenyewe, asiposimama wa kuunga hoja haijadiliwi. Kama hakuna aliyesimama ingerudi mfukoni mwako nzima, tungeileta tena mkutano mkuu. Akaniambia aliyeunga mkono ni Mzee Ogendo.

Mama Velma, Mzee Ogendo ni mwenyekiti. Ndiye aliyekwenda kuwapokea hao wafadhili na suti yake ya kijivu. Aliunga mkono hoja, kisha ilipofika kura akainua mkono kuipinga, na walimu na wazee wote wakamfuata. Mtu haungi mkono kitu anachokichukia ila anataka kifike mahali pa kuuawa.

Na mimi, kwa mdomo wangu, niliwapigia simu mama wa nyanya na mama wa mitumba nikawaambia wasije. Apolot alitaka kuja. Nikamwambia usiache samaki wako waoze kwa sababu ya vyoo. Leo wananiuliza nilikula nini na Mwalimu Mkuu. Mimi!

Nieleze. Nataka kusikia kutoka kwako kabla sijaamini ninachoanza kuamini.

Dada yako,
Mama Robinson


Busia
Jumamosi, 19 Julai 2025

Dada yangu,

Salamu. Nimeandika barua hii na kuichana, kisha nikaandika tena.

Nilidhani nafanya vizuri. Nilisikia kompyuta zinaweza kufika kabla ya mkutano mkuu, na kitu kikishaingia chumbani hakitoki. Nikaona heri tuwahi. Mzee Ogendo aliniambia amebadilisha moyo, ataunga mkono, na mimi nikamwamini kwa kuwa ni mtu wa kanisa. Siku ya soko ilinipita kabisa akilini. Ile barua ya vyoo niliiandika kabla sijajua kama nitaileta hoja. Mambo yalibadilika haraka.

Usinihukumu, dada. Naliaka ana uchungu wake, na mtu mwenye uchungu huongeza maneno. Tukutane tuzungumze kama watu wazima. Watoto wetu bado wanashikana mikono kila asubuhi, hilo ndilo kubwa.

Mdogo wako,
Mama Velma


Malaba
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mama Velma,

Salamu kwa Velma.

Mkutano mkuu nilikuja, uliniona. Nilisimama. Mzee Ogendo akanisomea kile kifungu ulichoniandikia wewe mwezi wa tano, kwamba hoja iliyoshindwa hairudi, akaniomba niketi kwa heshima. Ukumbi ulijaa mama wa soko mpaka wengine wamesimama dirishani, na wote hao hawakuwa na cha kuinulia mkono. Nilikutazama. Wewe ukatazama meza.

Hata hapo sikukuandikia. Nilisema aliyekosea siku amekosea siku, binadamu husahau. Nilikuwa nimeshaanza kukusamehe, Mungu ananiona.

Jana Apolot alikwenda kwa fundi wa masanduku kutengenezewa bati la kuwekea samaki. Akakuta sanduku jipya la shule, la bweni, bluu, rangi haijakauka, fundi anaandika jina. VELMA, kisha la baba yake. Akauliza ni la nani. Fundi, ambaye hajui kitu, akasema mama yake mtoto ana bahati, mtoto hasikii lakini amepata nafasi kule shule ya bweni ya viziwi, atasomeshwa na wafadhili mpaka mwisho, na aliyemtafutia ni Mwalimu Mkuu wa pale kwetu.

Kumbe chai ile ilikuwa na sukari.

Sasa nimeelewa kila kitu, hata usipoandika. Hukusahau siku ya soko. Uliichagua. Ulijua kanuni kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Ulijua nani aje na nani asije, na kwa kuwa wewe hawangekusikiliza, ukanituma mimi niwazuie. Mzee Ogendo ningemwelewa, yeye hajawahi kuniita dada. Mwalimu Mkuu naye ni mtu na kazi yake. Lakini wewe ulikula kwangu, Robinson ulimwogesha kwa mikono yako alipokuwa na tetekuwanga, na ulikaa ukapanga jinsi ya kumtoa darasani.

Kesho shule zinafunguliwa. Robinson atasimama pale kwenye njia panda kumngoja Velma kama kawaida. Mimi sijui ishara ya kumwambia kwamba haji, wala sababu. Unayo wewe? Nifundishe na hiyo.

Mama Robinson


Busia
Jumapili, 14 Septemba 2025

Dada Mama Robinson,

Natumaini u mzima. Hukunijibu simu, na Emojong anasema umemkataza kubeba maneno yangu ya mdomo, kwa hiyo naandika.

Ni kweli. Yote ni kweli, na sitakudanganya tena. Mwalimu Mkuu aliniambia yuniti itafungwa kwa njia yoyote, tupende tusipende. Akaniambia iko nafasi moja kule bweni, na anaweza kumpa Velma au mtoto wa mwingine, lakini hataki fujo kwenye mkutano mkuu mbele ya wafadhili. Hakusema zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyejua ni siku gani na kwa njia gani. Hilo nalibeba.

Lakini na wewe nijibu, kwa haki. Velma anakuwa mwanamke. Mimi sina mume, sina kukhu wa kumwachia, nikienda kazini anabaki na mlango uliofungwa, na madereva wa trela wamejaa mtaa mzima. Mtoto asiyeweza kupiga kelele, Mama Robinson. Unajua usiku wangu ulivyokuwa. Nafasi ilikuwa moja. Ningesema hapana, ingekwenda kwa mwingine, na yuniti labda ingefungwa hivyo hivyo. Kama angekuita wewe, akakupa chai, akakutajia Robinson, ungefanya nini? Usinijibu haraka.

Nimesikia Robinson amewekwa nyuma darasani na kwamba alimuuma mtoto wa watu, akarudishwa nyumbani. Nimemnunulia kaptura, nimempelekea kukhu wake. Kukhu aliipokea lakini hakunikaribisha ndani.

Mdogo wako, hata ukikataa,
Mama Velma


Busia
Jumapili, 2 Novemba 2025

Dada,

Sijapata jibu lako. Naandika tena kwa ajili ya watoto.

Velma amefunga shule, amerudi. Amenenepa. Anajua ishara nyingi ambazo mimi sizijui, naketi mbele yake kama mgeni. Lakini kule bweni wanaongea kwa ishara za vitabu. Zile zao wawili, walizojitungia na Robinson njiani, za mbwa wa Mzee Ogendo, na za yule mwanamke wa mandazi, na za trela iliyoharibika, hakuna anayezielewa. Tangu afike ananivuta mkono kwenda kwenu. Nimemzuia kwa kuwa sijui kama mlango uko wazi. Nakuomba umruhusu aje.

Jambo la pili. Mwaka mpya wa shule unakuja Januari, na hoja inaruhusiwa kurudi. Nasikia wewe na Apolot mnapanga kuileta. Mimi ndiye niliyeiua, na mimi nataka kuirekebisha. Itoe wewe, na mimi nitasimama kuunga mkono, mbele ya Mzee Ogendo na mbele ya Mwalimu Mkuu, na nitasema mbele ya watu wote nilichofanya. Waninyang'anye hata nafasi ya Velma wakitaka. Nimeshaamua. Nipe tu nafasi ya kusimama.

Mdogo wako,
Mama Velma


Busia
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mama Velma,

Mulembe. Natumaini mko wazima wote wawili.

Usishangae kupata barua kutoka nyumba ya tatu tu baada ya yako. Nilifunga kibanda cha Malaba mwezi wa tisa, mara baada ya Robinson kurudishwa nyumbani. Tangu hapo nakuona asubuhi ukipita kwenda kazini, nawe naamini unaniona nikikaanga mandazi barazani. Nimeandika kwa kuwa kusema sijaweza.

Uliniuliza ningefanya nini na chai ile. Uliniambia nisijibu haraka, na sikujibu haraka. Nimefikiri tangu Septemba. Jibu langu ni kwamba sijui. Labda ningeipokea nafasi. Mtoto ni mtoto, na njaa ya mzazi haina kanuni. Lakini ningekuja kwako usiku uleule nikuambie, dada, nimepewa nafasi ya Robinson, nimeshindwa kukataa, tafuta mtu mwingine wa kuunga mkono. Ungelia, mimi ningelia, na wewe ungetafuta mtu mwingine. Nafasi ya Velma mimi sikuionea wivu hata siku moja. Ungeichukua tu. Hukuwa na haja ya kuniua ndipo uipate.

Hoja tunaileta Januari, mkutano wa kwanza wa mwaka, na si siku ya soko, tumehakikisha. Naliaka amepata kazi Tororo, anasema akiitwa atarudi. Kompyuta zimefika na chumba kimejaa, kwa hiyo tumeandika upya, tumeomba darasa lolote lenye paa. Nimeiandika mwenyewe. Haina matusi.

Nimesoma ombi lako la kuunga mkono, na nikaamini kwamba safari hii unasema kweli. Kwa hiyo nilikwenda kuangalia katiba, maana siku hizi naisoma. Kifungu cha wanachama kinasema mwanachama ni mwalimu wa shule, au mzazi mwenye mtoto anayesoma hapo. Velma hasomi hapo. Ulipomtoa yeye ulijitoa na wewe. Wewe si mzazi wa shule yetu, Mama Velma, huwezi kutoa hoja, huwezi kuunga mkono, na hata mkono wa kupinga huna tena. Si mimi niliyeandika hivyo.

Atakayeunga mkono ni yule dada wa kubadilisha pesa, ambaye mtoto wake anasikia.

Velma aje Jumamosi, aje na Jumapili akitaka. Yeye hana kosa lolote kwangu, na Robinson anamtafuta. Mlete mpaka kwenye lango. Atajua njia kutoka hapo, na jioni nitamrudisha mwenyewe mpaka kwenye lango lenu.

Roselyn Nasambu,
mzazi